Masizi ya kobalti: utajiri ao ugonjwa?

Ulaya na Amerika, kuko watu wenye kujaribu kutengeneza nanotubu za karboni katika garaji ya nyumba yao, na vyombo vyenye kufanana na vya sudeur wa kwetu. Kobalti imo katika hii kazi tangu miaka ya mwanzo. Je, kijana wa Kolwezi ao wa Likasi anaweza kuifanya nyumbani? Na ile masizi inaweza kumupa feza, ao itamupa kikohozi?

Ndani ya pile ya tochi, ile kubwa ya bei ndogo, katikati kabisa, kuko kijiti kimoja cheusi. Kile kijiti ni karboni: ndugu ya makala ya mbabula, ndugu ya grafiti ya kalamu ya watoto wa masomo. Mutu akikamata vijiti viwili vya namna ile, akivifunga ku posti ya sudure na kuvikaribisha, kunatoka mwangaza mukali wenye jicho haliwezi kuvumilia, na moshi mweusi. Kama kila kitu kimepangwa vizuri, katika ule moshi munaweza kuzaliwa kitu chenye wataalamu wa dunia nzima wanakifuata tangu miaka zaidi ya 30: nanotubu za karboni.

Wale wenye kuijaribu nyumbani si wachawi. Ni maenjinia, walimu, wanafunzi, watu wa kazi ya kawaida wenye kupenda kujua. Jioni wanafunga mulango wa garaji, wanawasha mashini. Vijana wetu, wenye kujua sudure na wenye kuishi karibu na kobalti kupita watu wote wa dunia, wana haki ya kuuliza: na siye? Jibu si fupi. Tulichukue pole pole.

Ni kitu gani?

Angalia treillis ya kuku, ile waya yenye matundu ya pembe sita. Fikiri kama pa kila mahali waya zinakutana kuko atomu moja ya karboni. Sasa kunja ile treillis mupaka iwe kama tiyo. Hiyo ndiyo nanotubu. Kama ni treillis moja tu iliyokunjwa, tunasema ni ya ukuta mumoja. Kama ni tiyo ndani ya tiyo ndani ya tiyo, sawa matabaka ya kitunguu, tunasema ni ya kuta nyingi.

Ukubwa wake ni shida kwa akili kuushika. Unywele wa mutu una unene wa karibu nanometa 80.000. Nanotubu ya ukuta mumoja ina nanometa 1 ao 2. Kama ungekuza nanotubu ya nanometa 1 mupaka ipate unene wa kijiti cha kibiriti, milimeta 2, basi unywele nao ungekuwa na unene wa meta 160. Ni zaidi ya urefu wa terrain ya mupira.

Ndogo namna ile, lakini nguvu yake inapita ya chuma cha pua mara mingi kwa uzito ule ule, na inapitisha umeme vizuri sana. Ndiyo maana viwanda vinaitia katika plastiki, katika rangi, na zaidi katika batri. Katika batri za magari ya umeme, wanachanganya nanotubu kidogo sana na ile unga yenye kushika litiumu, mara mingi unga yenye kobalti ndani, ili umeme upite bila shida kutoka chembe moja mupaka ingine. Kwa hiyo kobalti na nanotubu zinakutana ndani ya batri moja, mbali sana na shimo lenye kobalti ilitoka.

Kobalti iliingia namna gani

Watu wa sayansi waliona vijitiyo vya karboni tangu zamani. Mwaka 1952, Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walitoa picha zake, lakini wachache walizisoma. Habari ilianza kuvuma mwaka 1991. Mujapani Sumio Iijima, mufanyakazi wa kompani NEC, alikuwa anaangalia kwa mikroskopi ya elektroni mabaki yaliyobakia ku kijiti cha grafiti kisha umeme mukali kuruka kati ya vijiti viwili. Pale ndipo aliona tiyo ndani ya tiyo.

Kazi yake ni karibu sawa na sudure. Unaweka vijiti viwili vya grafiti katika chombo kilichofungwa, unatoa hewa, unaingiza gazi isiyochoma kitu, kama heliumi ao argoni. Unapitisha umeme wa volti kama 20 na amperi kutoka 50 mupaka 100. Kijiti cha upande wa plus kinakuliwa, karboni inageuka muvuke, na muvuke ule unaganda upande wa minus na ku kuta za chombo. Kila sudeur wa Likasi akisoma zile volti na amperi atasema: "Lakini hiyo ni posti yangu!" Ni kweli. Ndiyo sababu watu wa garaji walivutwa na hii njia.

Lakini tiyo za Iijima za mwaka 1991 zilikuwa za kuta nyingi. Mwaka 1993, kikundi cha Donald Bethune, katika maabara ya IBM huko California, kilitoboa kijiti cha grafiti, kikajaza ndani unga wa chuma mbalimbali, kisha kikawasha umeme. Walikuwa wanatafuta kitu kingine: kufungia atomu za chuma ndani ya mipira midogo ya karboni. Walipojaza kobalti, chombo kilijaa masizi ya ajabu yenye kuning'inia sawa utando wa buibui. Kwa mikroskopi, wakakuta nanotubu za ukuta mumoja, unene wake nanometa 1,2. Mwezi ule ule, katika gazeti lile lile la sayansi, *Nature*, Iijima na mwenzake Ichihashi nao walitangaza tiyo za ukuta mumoja. Wao walitumia chuma cha kawaida.

Kobalti inafanya nini pale? Haikai ndani ya tiyo sawa nyama ndani ya sambusa. Kazi yake ni ya kichocheo. Kobalti ikiwa punje ndogo sana yenye moto, karboni inaingia ndani yake sawa sukari ndani ya chai ya moto. Kisha punje inashiba. Karboni yenye kuzidi inatoka inje, na kwa kutoka inajipanga pembe sita pembe sita, mupaka inakuwa tiyo. Kama punje ni ndogo, tiyo nayo inakuwa nyembamba. Kama punje ni kubwa, kunatoka paka masizi. Kobalti, nikeli na chuma ndivyo vinajua ile kazi kupita vingine.

Basi musomaji aone vizuri: jiwe la kobalti ao hidroksidi ya kobalti ya depo haifanyi ile kazi. Inatakiwa kobalti iliyosafishwa, na iliyokatwa punje za nanometa chache. Kati ya gunia la heterojeniti na ile punje kuko asidi, umeme, tanuru, maabara na miaka ya masomo.

Kazi ya garaji

Watu wa nyumbani wanajaribu njia tatu.

Ya kwanza ni ile ya umeme, tuliyoieleza. Vijiti wanavitoa katika pile za zamani, ao wananunua vijiti vya grafiti vya sudeurs. Wengine, kwa kukosa chombo cha kutoa hewa, wanazamisha vijiti katika maji na kuwasha umeme mule. Mwaka 2001, watafiti walionyesha kama umeme kati ya vijiti vya grafiti chini ya maji unazaa chembe za karboni zenye matabaka sawa kitunguu. Ni karboni ya ajabu, lakini mara mingi si nanotubu.

Ya pili ni tanuru. Unakamata tiyo ya kwartsi, unaiweka katika tanuru ya digri 600 mupaka 1.000, ndani unaweka punje za chuma ao kobalti, kisha unapitisha gazi yenye karboni: metani, asetileni, ao muvuke wa alkoli. Njia hii ndiyo viwanda vinaifuata leo, juu inatoa nanotubu nyingi kwa bei ndogo. Chuo kikuu cha Oklahoma, huko Marekani, kilitengeneza njia yenye kutumia kobalti pamoja na molibdeni, na gazi yake ni monoksidi ya karboni. Ni gazi ile ile yenye kuua familia zenye kulala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Mule kiwandani inapita ndani ya tiyo iliyofungwa, na vyombo vya kuipima viko ku ukuta.

Ya tatu ni moto wa kawaida. Watafiti wa chuo kikuu cha Texas huko El Paso walikamata masizi ya moto wa gazi ya jikoni, wakakuta nanotubu za kuta nyingi ndani yake. Mwaka 2006, Wajerumani wa Dresden walitangaza kama walikuta alama za nanotubu ndani ya chuma cha panga ya zamani ya Damasko. Fundi aliyefua ile panga hakujua kitu cha atomu. Karboni ya mimea, chuma na moto vilifanya kazi yao tu.

Kwa hiyo, kutengeneza nanotubu chache si muujiza. Kazi nguvu ni mbili: kujua kama umezipata, na kuzitenga na uchafu.

Masizi ya nanotubu na masizi ya sufuria, kwa macho, ni mamoja: meusi, mepesi, yenye kupaka mikono. Kwa mikroskopi ya masomo hauwezi kuziona, hata uikaze namna gani, juu mwangaza wenyewe ni mukubwa kupita ile tiyo. Inatakiwa mikroskopi ya elektroni, mashini yenye bei ya nyumba nyingi. Watu wa garaji wenye akili wanatuma masizi yao kwa rafiki mwenye kutumika chuo kikuu. Mara mingi jibu linarudi: asilimia kubwa ni masizi ya kawaida, vipande vya grafiti, punje za chuma, na hapa na pale tiyo chache zilizosokotana sawa nywele. Kuzisafisha kunaomba asidi nitriki ya moto, na hiyo nayo si kitu cha kuweka karibu na watoto.

Nini inaweza kuenda mubaya

Hapa tunaomba wazazi wasome kwa nguvu, hata kama mambo ya atomu yaliwachosha.

*Macho.* Mwangaza wa umeme kati ya vijiti vya karboni ni wa sudure, na pengine unazidi. Anayeangalia bila kioo cheusi, usiku ataamuka na macho sawa yenye muchanga. Mutoto mwenye kusimama pa mulango naye anapata ile ile.

*Gazi.* Karboni ikichomwa katika hewa kidogo inatoa monoksidi ya karboni. Haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, kisha usingizi. Argoni nayo haina harufu. Ni nzito kupita hewa, inashuka na kujaa chini sawa maji, inasukuma hewa inje. Muchimbaji anajua maana ya shimo lisilo na hewa nzuri. Garaji yenye kufungwa inaweza kuwa sawa na lile shimo.

*Asetileni.* Gazi ya chalumeau inalipuka kwa urahisi. Tena, katika inchi yetu ya shaba, tukumbushe sheria ya zamani ya sudeurs: hata siku moja usipitishe asetileni katika tiyo ya shaba tupu. Asetileni na shaba vinaweza kuzaa chumvi yenye kulipuka kwa kuguswa tu.

*Pile yenyewe.* Kijiti cha pile kimezungukwa na unga mweusi wa manganezi, namna ile ya jiwe lililochimbwa Kisenge. Manganezi ikiingia kwa pua siku nyingi inaharibu mishipa ya akili. Tena kijiti chenyewe mara mingi kilinyweshwa nta kiwandani ili maji ya pile yasipite. Ukikichoma, kinatoa moshi mubaya. Pile za alkalini, zile za bei ya juu, hazina hata kijiti cha karboni ndani. Mutoto mwenye kuzipasua anapata paka maji yenye kuunguza ngozi.

*Mapafu.* Hii ndiyo kubwa. Mwaka 2008, watafiti wa Edinburgh, Uingereza, walitia nanotubu za kuta nyingi katika tumbo la panya. Zile ndefu na ngumu zilileta uvimbe na makovu sawa na yale ya amiante. Zile fupi na zenye kusokotana hazikufanya vile. Mwaka 2014, shirika la kimataifa la kutafuta sababu za kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliandika namna moja ya nanotubu, yenye kuta nyingi, katika orodha ya vitu vyenye kuweza kuleta kansa kwa mutu. Namna zingine hazikupangwa vile, juu ushuhuda haukutosha.

Mwaka 2013, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, NIOSH, iliomba kama mufanyakazi asipumue zaidi ya mikrogramu 1 ya nanotubu katika meta kibiki moja ya hewa, kwa siku ya kazi. Kwa vumbi la silika, lile la jiwe lenye kuleta silikozi, taasisi ile ile inaweka mupaka wa mikrogramu 50. Angalia tofauti. Kitambaa kilichofungwa ku mudomo hakisimamishi vitu vya namna hii.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana liko wazi: nyumbani, hapana. Si juu ya ukosefu wa akili. Ni juu nyumba haina chombo cha kufyonza hewa, haina filta, haina wa kupima, na ina watoto wenye kulala upande wa pili wa ukuta.

"Lakini, baba, inauzishwa bei gani?"

Swali hili halikosekani, na ni la haki. Kwa miaka ya 2000 mwanzoni, gramu moja ya nanotubu za ukuta mumoja zilizosafishwa ilikuwa na bei ya dola mia na mia, mara mingi kupita gramu ya zahabu. Pale ndipo kulitoka lile neno la "masizi yenye kupita zahabu".

Lakini bei ile ilikuwa ya maabara. Aliyenunua alikuwa mutafiti mwenye kutaka gramu mbili, na karatasi yenye kuonyesha picha za mikroskopi, usafi, unene. Kisha viwanda vikubwa vilianza kutoa nanotubu kwa tani. Tangu karibu mwaka 2013, nanotubu za kuta nyingi za kiwanda zilikuwa tayari chini ya dola 100 kwa kilo moja. Zile za ukuta mumoja zinabakia za bei, lakini nazo zilishuka sana.

Masizi ya garaji, bila karatasi, bila picha, hayana munuzi. Mutu akikuja kwako na kusema: "Lete unga wako wa kobalti na feza ya kuanzia, nitakufundisha kutengeneza karboni ya dola 500 gramu," umuulize maswali matatu tu. Nani alipima? Kwa mashini gani? Na munuzi ni nani, tumuite sasa hivi? Kama hana jibu, funga mulango.

Hesabu ya kobalti yenyewe inatufundisha kitu. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Mingi inatoka hapa ikiwa hidroksidi, unga ndani ya gunia, na inasafishwa katika viwanda vya Uchina. Bei inapanda kila hatua: jiwe, hidroksidi, chumvi safi, unga wa batri, batri, gari. Muchimbaji anasimama pa hatua ya kwanza. Kinachopandisha bei pa kila hatua ni kujua kusafisha na kujua kupima. Nanotubu ni mufano wa mwisho wa ile ngazi: karboni ni makala tu, kila mutu anayo. Maarifa ya kuipanga ndiyo yanalipwa.

Vumbi lenye tunalo tayari

Familia ya muchimbaji haina lazima ya kungoja nanotubu ili vumbi liingie nyumbani. Limekwisha kuingia.

Mwaka 2014, Kasulo, katika muji wa Kolwezi, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao. Wakachimba ndani ya parcelle, wengine mupaka ndani ya chumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Louvain, Ubelgiji, walienda kupima. Mwaka 2018 walitoa matokeo: watu wenye kuishi pale, na zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mukojo na katika damu kupita watu wa mahali pasipochimbwa. Watoto hawakushuka shimoni. Vumbi ndilo liliwafuata, ku udongo wa parcelle, ku mikono, ku chakula.

Na mwaka 2022 lile shirika la Lyon liliweka kobalti ya chuma na chumvi zake zenye kuyeyuka ndani ya maji katika orodha ya vitu vyenye inawezekana sana vinaleta kansa kwa mutu, hatua moja juu ya ile ya nanotubu.

Vumbi lenye jicho linaliona, pua na koo vinalisimamisha kidogo, na unalitema asubui. Lile lisiloonekana, lenye kuruka katika miali ya jua tu, ndilo linashuka mupaka chini ya mapafu na kubakia. Kanuni ya maabara ya nanotubu na kanuni ya shimo ni moja, na mengi yake hayaombi feza nyingi:

– Kunyeshea maji mahali pa kuponda na kupepeta. Vumbi lenye maji haliruki. Wataalamu wa nanotubu nao wanapenda kuzishika ndani ya maji, si kavu.

– Nguo za kazi zibakie ku kazi, ao katika saki inje ya nyumba. Zisifuliwe pamoja na nguo za mutoto. Na mwenye kuzifua azilowanishe kwanza, asizipige kavu ku ukuta.

– Kuoga, ao kunawa uso, mikono na nywele, mbele ya kumubeba mutoto.

– Kufagia na kitambaa chenye maji, si fagio kavu.

– Masaki ya kobalti yasilazwe ndani ya chumba cha kulala, hata kwa usiku mumoja juu ya kuogopa wezi.

– Kama kompani ao koperative inatoa maski, waulize ni namna gani. Zenye alama FFP2 ao FFP3 zinasimamisha vumbi dogo, kama zinabana uso vizuri. Ile ya kitambaa ni ya muchanga mukubwa tu.

Mama wengi wanajua kama kikohozi cha baba wa nyumba kinazidi usiku. Kikohozi cha wiki tatu na zaidi ni cha kupelekwa ku hospitali, na ni lazima kumwambia munganga: "Ninatumika katika vumbi." Bila lile neno, anaweza kutafuta kifua kikuu tu na kuacha silikozi nyuma. Na magonjwa haya mawili yanapendana: mapafu yenye silika yanapata kifua kikuu kwa urahisi.

Kwa vijana wenye kupenda kujaribu

Hatutaki kuzima moto wa akili. Kuko njia ya kugusa hii sayansi bila kuleta msiba.

Kamata kalamu ya grafiti nyeusi sana, ile 6B kama inapatikana. Chora mustari munene ku karatasi, urefu wa sentimeta 2, upitie mara nyingi. Chukua pile moja ya volti 9 na taa ndogo ya LED. Fanya umeme upite katika ule mustari. LED itawaka, kidogo, juu karboni yenye matabaka inapitisha umeme. Ukifanya mustari murefu, mwangaza unapunguka. Umepima kitu cha kweli, na hakuna vumbi.

Kisha kamata scotch, ibandike ku alama ya ile kalamu, ibandue, uikunje na kuibandua tena mara kumi. Kila mara grafiti inagawanyika kuwa nyembamba zaidi. Kwa kazi ya scotch na grafiti, Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa chuo kikuu cha Manchester, walipata mwaka 2004 tabaka moja tu la atomu za karboni, ile treillis ya kuku kabla ya kukunjwa. Mwaka 2010 walipewa tuzo ya Nobel.

Tatu, kamata kipande cha treillis ya kuku yenyewe. Ikunje kwa njia tatu: wima, kwa kulala, na kwa kuzungusha upande. Utaona pembe sita zinajipanga tofauti kila mara. Katika nanotubu, ile tofauti ya kukunja ndiyo inaamua kama tiyo itapitisha umeme sawa chuma, ao itaupitisha kwa masharti, sawa silisiumu ya telefone. Karboni ni ile ile.

Mwenye kufanya haya matatu na kuyaelewa, amekwisha kupita watu wengi wenye kuchoma vijiti katika garaji bila kujua walichopata. Njia ya kuendelea iko: kimia na fizika ku masomo, kisha Polytechnique ao kitivo cha sayansi, pale kwenye tanuru, asidi, na mutu wa kukuonyesha. Siku Congo itasafisha kobalti yake mupaka ile punje ya nanometa chache, itaomba watu wenye kujua kuipima, na wenye mapafu mazima ya kufanya ile kazi.